Usiku Kaze Aliolala

Kaze, binti wa Maneno fundi cherehani, alikuwa na miaka tisa na halali usiku, na mtaa mzima wa Biryogo, mjini Kigali, ulimsifu kwa hilo. Ndiyo, ulimsifu. Watu walipita asubuhi mbele ya baraza la Maneno, wakamwona mtoto kwenye kigoda, macho mekundu, kichwa kinadondoka kama cha kuku mwenye mdondo, wakatikisa vichwa kwa furaha. "Mashallah, huyo amekesha kwa ibada." Mama yake, Mukabalisa, aliyekuwa palepale akishona matundu ya vifungo vya mashati ya mumewe, alitamani kuwarushia mkasi.

Chanzo chake hata hakikuwa kibaya. Mwalimu wa madrasa alikuwa amewafundisha watoto kwamba mwenye kulala na udhu, akasoma Ayatul Kursi, Mungu humlinda hadi asubuhi. Watoto wote walijifunza, wakasoma, wakalala fofofo na midomo wazi. Kaze peke yake ndiye aliyesikia upande wa pili wa maneno yale, upande ambao mwalimu hakuusema: kwamba asiyesoma, au aliyesoma vibaya, halindwi. Na ikiwa mtu halindwi, na wewe ndiye uliyesoma vibaya, basi kosa ni la nani?

Alikuwa na miaka sita mambo yalipoanza, Oktoba ya mwaka tisini. Vita vilikuwa vimeingia kutoka mpaka wa Uganda, na usiku mmoja bunduki zililia Kigali nzima mpaka kukapambazuka. Asubuhi askari walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya watu waliowaita ibyitso, vibaraka wa adui. Kwenye ua wa Maneno walimchukua Cassien.

Cassien alikuwa tarishi katika wizara moja kule Kacyiru, mtu wa makamo asiye na mke wala mtoto, aliyepanga chumba nyuma ya nyumba yao. Alikuwa Mkatoliki, lakini Idi ilimkuta mkekani kwa Maneno, na Krismasi ilimkuta Maneno mezani kwake. Kila alfajiri, akienda kazini, aligonga mara mbili kwenye dirisha la mbao la chumba alicholala Kaze. Maana yake: nimeondoka, bakini salama. Kaze naye, akiwa bado kitandani, aligonga ukuta mara mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Kosa la Cassien lilikuwa moja tu, kwamba kitambulisho chake kiliandikwa Mtutsi.

Alipochukuliwa, Kaze, aliyemwita Tonton, yaani mjomba, aliongeza jina lake kwenye dua. Mungu mlinde Baba, mlinde Mama, mlinde Tonton Cassien. Alisoma hivyo kila usiku kwa miezi sita, na Aprili ya mwaka uliofuata Cassien akarudi, amekonda, meno mawili ya mbele hayapo. Mukabalisa, kwa mapenzi tu, akamwambia: "Shemeji, huyu mutoto hakulala hata siku moja bila kukuombea."

Cassien alipiga magoti pale uani. Akashika mikono midogo ya Kaze, akaiweka usoni mwake, akalia. "Ni wewe ulinitoa, mukobwa wanjye, binti yangu. Si mwingine. Ni wewe." Akamwambia hivyo Maneno, akawaambia wateja wa Maneno, akawaambia watu wote aliokutana nao njiani mpaka Kacyiru. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Akikushukuru kwa jambo ambalo hukulifanya, utamjibu nini? Kaze alikuwa na miaka sita na nusu, akaamini.

Halafu wakaja wengine. Nyakati zilikuwa mbaya na kila nyumba ilikuwa na mtu wa kuombewa. Mwanamke mmoja alipanda kutoka Kimisagara na kilo mbili za sukari, akaleta jina la mwanawe aliyekuwa dereva wa lori. Mwingine akaleta la mumewe, mwingine la dada yake wa Gitarama. Walimpapasa mtoto kichwani, wakamwachia jina, wakaenda zao wakiwa wepesi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mpaka mwaka wa tisini na tatu unakwisha, Kaze alikuwa amebeba majina kumi na saba.

Na majina hayo hayakusomwa hivihivi. Ilibidi yafuatane, bila kukohoa katikati. Mbwa akibweka jina likiwa mdomoni, anaanza upya. Akiwa na shaka kama alilitamka au aliliwaza tu, anaanza upya. Shaka ikihamia kwenye udhu, anashuka kitandani kwenda kwenye ndoo, anasukutua mara tatu, halafu tatu nyingine kwa sababu zile za kwanza huenda zilikuwa mbili. Ngozi ya mikono ilimbanduka mpaka sabuni ikawa inamuunguza. Alianza saa mbili za usiku. Saa nane Mukabalisa alimsikia bado ananong'ona gizani, sauti imekwisha, akirudi kwenye jina la kwanza. Kaze alipata usingizi Cassien akishagonga dirisha alfajiri, kwa kuwa hapo ndipo alipojua kwamba usiku umepita na mtu wake yu hai. Saa moja na nusu alitakiwa shuleni, na shuleni alichapwa kwa kulala.

"Baba Kaze," Mukabalisa alimwambia mumewe siku moja, "mutoto wetu anakufa na sisi tunamuangalia."

"Anakufa na nini? Na dua?" Maneno hakuinua hata macho kwenye cherehani. "Wengine watoto wao wanaiba. Wangu anaomba. Unataka nimukataze kuomba?"

Alikuwa na fahari, maskini, na fahari ya baba ni ugonjwa mwingine. Lakini naye siku moja alimkuta Kaze amesinzia na uso ndani ya ndoo ya udhu, maji yanafika puani. Alimtoa, akamkalisha magotini, na tangu siku ile hakusema tena neno la fahari.

Walimpeleka kwa shehe. Shehe akamwandikia kombe, aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ili anywe. Kaze aliuliza kama sahani ilikuwa safi. Aliuliza mara kumi na moja. Bibi mmoja akasema ni pepo, akataka kuku mwekundu, akala kuku. Mwisho, Januari ya mwaka tisini na nne, Mukabalisa akasikia kwamba kwenye zahanati moja bondeni Kimisagara yuko muuguzi aliyesomea magonjwa ya akili, jina lake Athanasie.

Athanasie alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwuliza Kaze maswali kwa upole, mlango umefungwa, halafu akamtuma nje akaangalie sungura wa zahanati vizimbani.

"Mama, iko ugonjwa," alisema. "Iko na jina, na dawa yake iko pia. Si shetani. Si dini. Nimeona mutoto wa Kikristo anahesabu rozari mpaka vidole vinatoka damu, ugonjwa ni hii hii moja. Kichwa kinamwambia: usipofanya, mutu atakufa. Akifanya, anatulia kidogo. Basi kichwa kinajifunza kumwambia tena."

Mukabalisa alianza kulia. Miaka mitatu alikuwa amedhani kwamba mtoto wake ni peke yake duniani.

"Iko njia moja," Athanasie akaendelea. "Ngumu. Kila usiku anaacha jina moja, anaanza na ile ya rahisi. Asubuhi anamuona ule mutu muzima, kwa macho yake. Kichwa kitajifunza. Radiyo usiku hapana, inamulisha woga. Na akikuuliza kama kesho fulani atakuwepo, usimwambie labda. Ataingia kwenye ile labda kama panya kwenye tundu, hautamutoa."

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa karibu na kazi za nguo za Idi zilikuwa zimejaa nyumba, kwa hiyo walianza Idi ilipokwisha, katikati ya Machi. Mukabalisa alijitolea jina lake mwenyewe liwe la kwanza kuachwa. Usiku ule Kaze alitetemeka mpaka kitanda kikapiga kelele, akatapika, akamsihi mama yake amruhusu mara moja tu, mara moja tu, kwa sauti ya chini. Mukabalisa alimkumbatia akang'ata kanga yake asije akasema haya, soma. Kulipopambazuka mtoto alimpapasa uso wote, paji, pua, mdomo, masikio.

"Upo?"

"Nipo."

Kupanda mchongoma ni rahisi, kushuka ndiyo ngoma. Kuna usiku walirudi nyuma majina mawili. Mukabalisa alizunguka kwa wenye majina kuwaomba wapite asubuhi mtoto awaone, na wengine walimkasirikia. "Unanitoa mimi? Kwa nini unaanza na mimi?" Yule wa Kimisagara alidai sukari yake, akarudishiwa. Pamoja na hayo majina yalipungua, yakawa kumi, yakawa sita. Usiku mmoja Kaze alipata usingizi saa sita ya usiku, baada ya wiki saa nne. Ngozi mpya ikaanza kuota kwenye vidole, nyororo. Alicheka siku moja mezani, kwa jambo dogo tu, Maneno alikuwa amevaa shati la mteja kimakosa, na Mukabalisa alienda jikoni akajifanya anapuliza moto ili wasimwone.

Mji wenyewe ulikuwa unaoza. Vijana wa chama tawala walipita barabarani wakiimba nyimbo za kuua, mabomu ya kutupwa kwa mkono yalilipuka sokoni na kwenye baa. Lakini Mukabalisa alikuwa na vita vyake ndani ya chumba kimoja, na kwa mara ya kwanza alikuwa anashinda.

Likabaki jina moja, la Cassien. Kaze mwenyewe alikuwa amesema liwe la mwisho. Hayo mengine yalikuwa majina tu. Hili lilikuwa ushahidi.

Jumatano, tarehe sita ya Aprili, Mukabalisa alimngojea Cassien uani aliporudi kazini. Alimweleza. Cassien aliukunja mwavuli wake.

"Shemeji," akasema, "ungetoa wote, mimi ukaniacha."

"Unaamini kweli hiyo kitu? Wewe, mutu muzima?"

"Sijui kama naamini. Nimetoka gerezani, watu niliofungwa nao hawakutoka. Siku hizi kule Kacyiru watu hawanisalimii. Nikilala, nawaza, angalau iko mutoto mumoja anataja jina langu." Alitabasamu, pengo la meno likaonekana. "Lakini nilimuharibu mimi. Najua. Haya. Mutoto alale. Asubuhi nitagonga, na wewe ufungue dirisha anione na macho yake. Sawa?"

"Nitafungua."

Kulipoingia giza Kaze alitawadha mara moja. Mara moja tu. Alisoma aya yake kama watoto wote, akalala chali, akaanza kupumua haraka haraka.

"Mama, Tonton kesho atakuwepo?"

Neno lilikuwa tayari ulimini, Inshallah, kama lilivyokuwa ulimini mwa mama yake na bibi yake. Mukabalisa hakuwahi maishani mwake kuitaja kesho bila neno lile. Lakini alimjua binti yake. Angeuliza: kwa hiyo Mungu asipotaka? Na usiku ungeishia hapo. Akalimeza.

"Atakuwepo," alisema. "Atagonga na utamuona. Naapa."

Kaze aligeuka akamtazama kwa mshangao. Halafu akaufumba mdomo.

Saa mbili na nusu ulisikika mlipuko mkubwa, mbali, upande wa uwanja wa ndege. Maneno aliinua kichwa, akaangalia redio iliyofunikwa kitambaa kwa amri ya Athanasie, akaiacha. Milipuko siku hizo haikuwa habari. Saa tatu hivi pumzi za Kaze zilibadilika. Mukabalisa alisogeza taa. Mtoto alikuwa amelala. Alikuwa amelala kama mtu aliyetupwa, mkono mmoja umening'inia, udenda unalowesha mto. Maneno alikuja kwa kunyata, akasimama juu ya kitanda, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Waliogopa hata kuketi, maana kitanda chao kilikuwa na mlio.

Maneno alirudi chumba cha pili, na Mukabalisa akalala kando ya mtoto usiku ule, na hakusinzia sana kwa furaha. Kulikuwa na risasi huku na huko. Aliziba sikio la Kaze kwa kiganja.

Kabla ya adhana, bado giza totoro, vidole viligonga dirisha. Mara mbili.

Moyo wake ulimruka. Yu hai! Ameahidi na amekuja, mapema hata kuliko siku zote, mtu mwema yule. Mukabalisa aliinuka kwa kiwiko ili afungue. Bawaba za lile dirisha zilipiga kelele za chuma kavu kila zilipoguswa, na Kaze, kwa ule mtikisiko mdogo tu wa godoro, aliguna akajigeuza. Mukabalisa akaganda.

Vidole viligonga tena mara mbili. Halafu kiganja kikapapasa mbao, taratibu, kutoka juu hadi chini.

Nenda, shemeji, Mukabalisa alisema moyoni. Nimekusikia, Mungu akulipe, nenda kazini. Amelala. Miaka mitatu na nusu, Cassien, na leo amelala. Atakuona jioni.

Akajilaza tena polepole, akalirudisha sikio la mtoto chini ya kiganja chake. Nje nyayo ziliondoka, za haraka, halafu za kukimbia. Hilo la kukimbia alilisikia, wala hakulitilia maanani.

Maneno ndiye aliyeufungua mlango kwenda msikitini, akarudi hapohapo uso umemgeuka kijivu. Aliondoa kitambaa juu ya redio. Ndege ya Rais ilikuwa imedunguliwa usiku, Rais amekufa, watu wote wabaki majumbani. Kwenye kona ya barabara gogo lilikuwa limelazwa, na vijana wenye mapanga wanaomba vitambulisho. Mukabalisa alisikia hayo yote akiwa amesimama, na polepole, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, akaelewa kwamba leo hakuna mtu aliyekuwa anakwenda kazini.

Alitoka uani. Chumba cha Cassien kilikuwa wazi, redio yake ndogo inaongea peke yake kitandani.

Kwenye saa tatu jirani alipita kwa nyuma ya nyumba akanong'ona na Maneno ukutani. Maneno akaingia, akaketi sakafuni. "Cassien wamemuua. Yuko pale kwenye mufereji, karibu na gogo. Wanasema alfajiri alikuwa anagonga milango ya watu, hakuna aliyefungua." Akapiga paja lake kwa ngumi. "Kwa nini hakuja hapa? Mukabalisa, kwa nini hakuja kwetu?"

Mukabalisa aliokota kitambaa cha redio, akaanza kukikunja.

Saa tatu na nusu Kaze aliamka. Alikuwa amelala nusu siku nzima na mashavu yake yalikuwa yamejaa. Alikaa kitandani akajinyoosha, akawatazama wazazi wake kwa uso ambao hawakuwa wameuona tangu alipokuwa na miaka sita.

"Mama! Nimelala!" Halafu: "Tonton amegonga?"

Angeweza kusema amegonga. Ilikuwa kweli. Neno moja lingemwonyesha mtoto kwamba usiku ulipita bila jina lake na Cassien akaamka mzima, akatembea, akanyoosha mkono. Lakini neno lile lilikuwa na mkia, na mkia ulikuwa na jina la Mukabalisa, na Maneno alikuwa ameketi pale pale.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Na mimi nililala."

Kaze aliutazama uso wa mama yake, akautazama wa baba yake. Hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza tena. Alishuka kitandani, akaenda kwenye ndoo.

Tangu siku hiyo majina yalirudi yote, na mengine juu yake. Maneno alificha watu wanne juu ya dari, nyuma ya majora ya kitambaa, na watu hao nao walikuwa na watu. Maji yalikatika. Kaze akaanza kutayamamu kwa udongo wa ukutani, akipaka mikono na uso, usiku kucha, mpaka ukuta wa udongo kando ya kitanda ukaingia ndani shimo la ukubwa wa sufuria. Wauaji walipopita uani, Mukabalisa alimziba mtoto mdomo kwa mkono wake wote, na chini ya mkono alihisi midomo bado inatembea. La kuvunda halina ubani.

Julai risasi zilinyamaza upande wa Nyamirambo. Watu wanne walishuka wakiwa hai, wakambusu Kaze mikono, wakasema dua zake ndizo zilizowalinda. Mukabalisa aliwaomba kwa jina la Mungu wasiseme hivyo. Walidhani ni unyenyekevu.

Aliteremka Kimisagara kumtafuta Athanasie. Zahanati haikuwa na milango wala vitanda. Vizimba vya sungura vilikuwa wazi. Aliuliza kwa watu watatu, wa tatu akamwambia aache kuuliza.

Kwa hiyo akabaki yeye peke yake na dawa moja aliyokuwa nayo. Aliibeba siku nyingi, akitengeneza matundu ya vifungo ambavyo havikuwa na mashati, na Agosti, alasiri moja Maneno akiwa hayupo, alimketisha Kaze barazani, akamwambia. Alimwambia yote. Kwamba Cassien aligonga, mara mbili na mara mbili tena. Kwamba yeye alikuwa macho. Kwamba aliahidi kufungua na hakufungua.

"Unaona?" alisema, machozi yanamtiririka mpaka shingoni. "Hukumuua wewe. Uliacha jina lake na akaamka muzima. Ni mimi. Nichukie mimi, Kaze, lakini lala. Si wewe. Ni mimi."

Kaze aliokota kipande cha uzi sakafuni. Alikuwa na miaka kumi sasa, na pembeni mwa kichwa nywele zilikuwa zimeanza kumtoka.

"Aligonga nikiwa nimelala," alisema.

"Ndiyo."

"Hukufungua kwa sababu nilikuwa nimelala."

"Kaze—"

"Ningekuwa macho, ningemusikia." Aliushika mkono wa mama yake, akaupapasa kama watu wazima wanavyofanya msibani. "Usilie, Mama. Si wewe. Wewe ulikuwa unalinda usingizi wangu."

Jioni Mukabalisa alipika. Halafu akatandika kitanda. Kaze hakwenda kwenye ndoo usiku ule. Hakuugusa ukuta. Hakutaja hata jina moja, na kwa dakika chache mama yake, mjinga kama mama wote, alianza kutumaini.

Kisha mtoto alikichukua kigoda, akakiweka chini ya dirisha. Aliketi, mgongo wima, mkono mmoja kwenye komeo.

"Lala, Mama," alisema. "Akigonga mutu, mimi nitafungua."